Benchi Lililogeuzia Ziwa Mgongo

Mji wenyewe ni mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya sokoni, mtu aliye gatini anakuambia afya. Uko kaskazini, kando ya ziwa, na ziwa hilo ndilo kila kitu. Ndilo linaloleta upepo unaopenya hadi kwenye mifupa, ndilo lililochorwa kwenye nembo ya baraza la mji, na ndilo ambalo wenyeji humwonyesha mgeni kwa fahari kana kwamba walilichimba wenyewe. Kwa hiyo baraza lilipopata benchi jipya la kuweka kwenye njia ya ufukweni, mbele ya maduka, hakuna aliyeuliza litatazama wapi. Kulikuwa na kitu gani kingine cha kutazama?

Asubuhi moja Mama Makoti alifika kufungua duka lake, akalikuta benchi hilo limekwisha kupigwa zege, limetulia, na linatazama dirisha lake.

Alilizunguka mara mbili, maana macho ya asubuhi si ya kuaminika. Nyuma ya benchi, ziwa lilikuwa linameremeta hadi upeo wa macho bila mtu wa kulitazama. Mbele yake, ng'ambo ya njia, palikuwa na kioo kikubwa cha duka, na nyuma ya kioo palikuwa na meza ya kukatia, cherehani, na mume wake.

Mume wake alikuwa marehemu, tuelewane. Aliyesimama dirishani ni sanamu ya kujaribishia nguo, ile isiyo na kichwa wala mikono, inayosimama kwenye mguu mmoja wa mbao. Lakini haikuwa sanamu ya kununua. Marehemu alikuwa fundi wa suti, na aliitengeneza kwa vipimo vya mwili wake ili ajishonee bila kumsumbua mtu. Kila tumbo lake lilipoongezeka, alifumua mshono wa ubavuni na kuongeza matambara, hadi sanamu ikanenepa sambamba naye. Mabega yalikuwa yake kabisa, la kushoto limeshuka kidogo. Siku alipozikwa, tumbo lake lilibaki dukani.

Mama Makoti, ambaye aliitwa hivyo kwa sababu nusu ya mji ilikuwa ikivuka majira ya baridi ndani ya makoti yake, alikuwa anaongea na sanamu hiyo. Wala msidhani ni yale maongezi ya kufuta machozi kwa ncha ya leso. Alikuwa anagombana nayo. Na ugomvi ulikuwa mmoja tu, wa injini ya mashua.

Marehemu alinunua injini ya mashua katika mwaka wake wa mwisho. Hakuwa na mashua. Hakujua kuogelea, na akipanda kivuko alikuwa anakumbatia nguzo tangu gati la huku hadi gati la kule. Alipoletewa injini ile na mkewe akamuuliza ni ya nini, alijikuna sikio la kushoto kwa kidole cha mwisho, akasema, "Tutaongea kesho." Kesho yake asubuhi moyo ukasimama akiwa anafunga vifungo vya kizibao. Injini ikabaki chumba cha nyuma, imefunikwa shuka, na Mama Makoti huwa anaweka pasi juu yake ipoe.

Basi kila siku alikuwa anaikumbusha sanamu kwamba kesho imekwisha kufika, jibu liko wapi? Aliuliza akikata, akauliza akipiga pasi, akauliza akiwa na mdomo umejaa pini. Wapo wanaobakiwa na picha ukutani. Yeye alibakiwa na ugomvi ambao haujaisha, na moyoni alijua kwamba siku ukikatika ndipo atakuwa mjane kwelikweli. Hakutaka kuugawa na mtu. Na sasa, mbele ya ugomvi huo, baraza la mji lilikuwa limeweka viti vya watazamaji.

Wa kwanza kukaa alikuwa Nahodha. Huyu alikuwa ameendesha kivuko hadi akastaafu, na alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu. Alikuja na chupa yake ya chai, akakaa, akakunja nne, akamtazama shemeji yake akitia uzi kwenye sindano. Ziwa alikuwa amelitazama maisha yake yote kwa mshahara, na kwa maoni yake lilikuwa limekwisha kumwonyesha kila lilicho nacho.

Mama Makoti alimpungia mkono, akidhani anapita. Nahodha naye akapunga, akamimina chai.

Kesho yake aliongezeka Wifi. Wifi alikuwa dada wa marehemu, mkata tiketi wa kivuko, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu walio majini. Yeye na Mama Makoti walikuwa wanapendana kama mawifi wanavyopendana, yaani kwa tahadhari. Alipogundua kwamba sasa kuna benchi linalotazama dukani kwa wifi yake, alihamishia hapo chakula chake cha mchana, kontena na kijiko, wala hakuomba ruhusa. Kisha akaja Muokaji kutoka duka la mikate la jirani, akiwa na aproni yenye unga, akisema anapunga upepo tu. Upepo gani unaopungwa kwa kukodoa macho, hakusema.

Siku za mwanzo Mama Makoti alijaribu kuongea kwa kificho. Alijaza pini midomoni akanong'ona kupitia pembeni, akawa kama mtu anayetafuna kitu kigumu. Haikusaidia. Benchi zima liliinama mbele kuona vizuri.

Akatundika pazia. Sasa pazia ni kitu kizuri, lakini koti jeusi na uzi mweusi vinataka mwanga, na mwanga wote wa duka lile ulikuwa unaingilia dirishani. Ndani ya giza lile alishona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto na wa kushoto mahali pa wa kulia. Mwenye koti, mwanamume mpole wa posta, alipolivaa viwiko vilielekea kusikoelekea viwiko, akasimama mbele ya kioo kama mtu anayejisalimisha kwa polisi. Alisema labda atalizoea. Mama Makoti akamvua koti, akaliondoa pazia.

Akabaki na njia moja, kumhamisha mzee. Akaikumbatia sanamu kiunoni, akaikokota hadi chumba cha nyuma, akaisimamisha karibu na injini yake ili watazamane. Hakukaa nusu saa, mlango ukagongwa. Alikuwa Muokaji, na mkate mkononi, uso umejaa huruma.

"Dada, samahani. Shemeji anaumwa?"

"Shemeji yupi?"

"Shemeji," Muokaji akasema, akionyesha kwa kidevu ile nafasi tupu dirishani. "Tumeona hayupo. Nikasema nilete mkate, huwezi kujua."

Nyuma yake, kwenye benchi, shingo zilikuwa zimenyooka. Nahodha alikuwa amevua kofia. Mama Makoti aliupokea mkate, maana ulikuwa bado wa moto na yeye si mtu wa kukataa mkate, kisha akaenda kumrudisha mume wake dirishani kabla mji haujaanza kuchanga rambirambi ya pili.

Siku hiyohiyo alikwenda ofisi za baraza kulalamika. Karani alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia benchi ni mali ya umma, na mali ya umma haigeuzwi isipokuwa kwa kikao. Kikao kilikuwa bado wiki kadhaa. Akamwandika kwenye ajenda, kati ya mapipa ya taka na taa za gatini, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mzee haruhusiwi kujibu.

Hapo katikati likaja lile joto. Huwa linakuja kila mwaka kwa siku chache, na watu wa huko hulipokea kama mgeni wa heshima, wanafungua kila kinachofunguka. Mama Makoti alifungua kijidirisha cha juu ya kioo, akaendelea na kazi, na kwa mara ya kwanza akasikia benchi linasema nini.

"Mke wangu, tumbo hili ni la ukoo, utanionea bure." Hiyo ilikuwa sauti nzito ya taratibu, sauti ya marehemu iliyoigizwa na Nahodha, tena vizuri kiasi kwamba mkasi ulimponyoka Mama Makoti.

"Si tumbo," Wifi akasema. "Ananisema mimi. Tazama alivyoubinua mdomo. Akiubinua hivyo ni mimi."

"Mimi nasema ni mwanamke," Muokaji akasema.

"Mwanamke gani, na hana hata kichwa?"

"Enzi zile alipokuwa nacho."

Kuna mambo mtu anaweza kuvumilia. Kutazamwa, anaweza. Kuchekwa kidogo, anaweza. Lakini kusikia ugomvi wake, alioutunza kwa uaminifu kila siku ya Mungu, unatafsiriwa vibaya na watu wanaokula huku wanatafsiri, hilo lilimshinda. Alitoka nje na tepu shingoni, chaki sikioni, akasimama mbele yao.

"Nyinyi watu," akasema. "Hakukuwa na mwanamke. Tumbo nililipenda, nililipikia mimi mwenyewe. Na wewe wifi yangu, sijakutaja tangu juzi. Tunagombana kuhusu injini."

"Injini gani?" Nahodha akauliza.

"Ya mashua."

"Mashua gani?"

"Ndilo swali lenyewe," Mama Makoti akasema.

Hapo ndipo alipojua amejifunga mwenyewe, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Akawaeleza yote. Akawaeleza jinsi ilivyoletwa kwenye mkokoteni, jinsi ilivyomwaga mafuta juu ya bitana ya hariri, na jinsi mwenye injini alivyokuwa anaogopa hata beseni likijaa. Kitu kimoja tu alikibakiza. Yale maneno ya mwisho, ya tutaongea kesho, hakumwambia mtu. Hayo yalikuwa yake.

Muokaji alitikisa kichwa muda mrefu. Nahodha alitaka kujua injini ina nguvu kiasi gani. Wifi akafunga kontena lake taratibu.

"Kaka yangu," akasema, "hakuwa mtu wa kununua kitu bila sababu."

"Itaje."

"Sababu alikuwa nayo."

"Nimekuambia itaje, wifi."

Wifi akajikuna sikio, akatazama pembeni. Mama Makoti alikuwa amefungua mdomo amjibu, akaufumba. Lilikuwa sikio lilelile la kushoto, na kidole kilekile cha mwisho.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika, na yalibadilika kuelekea ujinga. Benchi sasa lilijua mada, na likagawanyika. Waliomtetea mzee wakakaa upande wa kulia, chini ya uongozi wa Wifi. Waliomtetea Mama Makoti wakakaa upande wa kushoto na Muokaji. Nahodha alikaa katikati akasema yeye ni wa haki, lakini kila alipomaliza chai alionekana amesogea kulia. Mtu wa posta alipofuata koti lake lililorekebishwa alipitia benchini kwanza akauliza wamefika wapi. Msusi wa mtaa wa pili aliwaambia wateja wake waje na vitambaa kichwani, nywele zisubiri, mchana kuna ugomvi.

Naye Mama Makoti, ambaye angeapa mbele ya yeyote kwamba anachukia jambo lile, alianza kusogeza meza ya kukatia karibu na kioo. Kwa ajili ya mwanga, alijiambia. Alianza kuvaa blauzi nzuri siku za kazi. Akimshikia mzee kiuno akamwambia, "Haya, leo nijibu, ulitaka kwenda wapi na injini hiyo?", alikuwa anatupa jicho kule nje. Na kule nje Wifi alikuwa anapandisha bega moja, lile la kushoto likibaki chini, kama ndugu yake alivyokuwa anafanya akibanwa. Au anapunga mkono kwamba achana na hayo, tule kwanza. Mama Makoti alikuwa anajibu hapohapo, kwa hasira ya kweli, akageuka kushona akiwa na joto kifuani ambalo hakulijua jina lake.

Angeweza hata kuiondoa ile hoja kwenye ajenda, lau si wale wageni.

Walishuka kwenye kivuko siku moja ya jua, kundi zima la watu wa mji mwingine wenye miwani myeusi. Mtu aliwaambia kuna mama anagombana na sanamu. Hawakukaa kwenye benchi. Walikuja hadi kwenye kioo, wakabandika pua, na mmoja wao akagonga kwa pete kama wagongavyo watu kwenye tangi la samaki, ili mama afanye tena. Mwingine alisimama akaficha kichwa ndani ya kola ya shati akajipigisha picha. Wakacheka, wakaenda kununua mkate. Muokaji aliwauzia wa juzi, lakini Mama Makoti hakujua hilo. Yeye alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya meza, amejikunyata, akijiona kama mtu aliyekutwa bafuni. Siku tatu hakusema neno dukani. Siku tatu zile ndizo alizoonja ujane wenyewe, akaona haumfai. Akavaa koti lake bora akaenda kikaoni.

Ukumbi ulifurika. Kwa mapipa ya taka huwa wanakuja watu watano na mbwa mmoja, siku hiyo watu walikaa hadi kwenye madirisha. Mwenyekiti wa baraza, ambaye kwa kazi ni daktari wa meno na amezoea watu kuja mbele yake wakitetemeka, alimwita kwanza msimamizi wa ujenzi aeleze imekuwaje benchi la ufukweni likageuzia ziwa mgongo. Je, alishika ramani juu chini?

"Mheshimiwa, ramani ilikuwa sawa," msimamizi akasema, akizungusha kofia mikononi. Alikuwa mtu mnene wa staha. "Shida ilikuwa siku yenyewe. Sisi tunachanganya zege, na huyu mama pale ndani anamsema yule bwana. Sasa vijana wanafanya kazi huku wanatazama. Mimi nawaambia fanyeni kazi, na mimi pia natazama. Ilipofika wakati wa kuweka benchi, kila mtu akashika kona yake, tukaliweka. Tukakaa kidogo kulijaribu. Lilikuwa sawa kabisa, mheshimiwa. Lilikuwa raha. Tumekuja kugundua jioni kwamba ziwa liko nyuma."

"Na hamkuligeuza?"

"Zege lilikuwa limeshika. Na yeye bado alikuwa hajamaliza."

Ukumbi ulicheka hadi mbwa akabweka. Mwenyekiti akagonga meza, akamwita Mama Makoti.

Alikuwa amejiandaa. Alisema wazee wa mji wanakosa mandhari. Alisema jua la mchana linapiga kwenye kioo chake na kurudi machoni mwa watu, si afya. Alisema mgeni akishuka kivukoni akaona benchi limelipa kisogo ziwa, atasema huu ni mji wa watu gani. Yalikuwa maneno mazuri, na kila mtu aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Ndipo Wifi akasimama kule nyuma.

"Mheshimiwa, huyu aseme ukweli tumalize. Anagombana na kaka yangu na hataki mashahidi."

Mama Makoti aligeuka, na watu wa mstari wa mbele wakaona amekunja ngumi ndani ya mikono ya koti.

"Ndiyo," akasema. "Naongea na mume wangu. Nyinyi mnaongea na wenu mkiwa mmefunga milango, na mkikasirika mnawasha redio jirani asisikie. Mimi wangu hana kichwa, na bado ni wangu. Nimebaki naye kidogo tu. Kidogo hicho nilikuwa nakitumia taratibu, kila siku kipande, ili kisiishe. Sasa nakiona kinaliwa na kila anayeshuka kivukoni. Nawaombeni mligeuze hilo benchi."

Hakuna aliyecheka. Muokaji alikuwa analia waziwazi, anajifuta kwa aproni. Nahodha aliinua kidole.

"Shemeji, kabla hatujapiga kura. Ile injini, ina nguvu kiasi gani?"

Mwenyekiti alimwamuru akae chini. Kura zikapigwa, mikono ikapanda yote. Wa Wifi ulikuwa wa mwisho, na ulipanda kwa shida kama umebeba ndoo.

Wakaja wale vijana wa baraza na sululu zao, wakavunja zege, wakaligeuza benchi. Safari hii walifanya kazi wakiwa wameinamisha macho, isipokuwa msimamizi, aliyejisahau mara moja. Jioni benchi likawa linatazama ziwa kama mabenchi mengine yote ya dunia, na Mama Makoti akafunga duka akiwa mshindi.

Asubuhi yake alifungua mapema. Aliwasha pasi, akasimama mbele ya mzee, akamtengeneza kola. Akashusha pumzi.

"Haya," akasema. "Tumebaki wawili. Sasa niambie, ulitaka kwenda wapi na injini hiyo?"

Akangoja. Akagundua anangoja mahali ambapo bega lilikuwa linapanda. Jicho lake lilikuwa limekwisha kwenda dirishani lenyewe, bila kumuuliza, na kule nje likakuta migongo.

Walikuwepo wote, hata Wifi, aliyewahi siku hiyo na kontena lake. Walikuwa wamekaa wameelekea majini, wamenyooka kama watoto waliokaripiwa, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Kijiko cha Wifi kilikuwa kinakwenda mdomoni na kurudi. Nahodha alikuwa anatazama ziwa kwa uvumilivu wa mtu aliye kwenye foleni. Kwa kuwa hakuweza kuona nyuso zao, Mama Makoti alitazama alichopewa, na alichopewa ni mabega. Ya Wifi yalikuwa mapana, la kushoto limeshuka kidogo. Akayatazama hayo, akageuka akatazama ya sanamu. Akarudia tena.

"Sasa wewe umekaa huku ndani unafanya nini," akamwambia mume wake, "na dada yako yuko peke yake pale nje?"

Akamvisha koti, maana upepo ulikuwa umerudi. Akachomoa ule mguu wa mbao, akamkumbatia tumboni, akafungua mlango kwa kiuno. Walimsikia akija akihema. Alitua mzigo wake katikati ya benchi, akaliweka lile tumbo vizuri lisianguke, na marehemu akawa ameketi kati ya Nahodha na Wifi, anatazama ziwa alilokuwa analiogopa.

"Karibu, mzee," Nahodha akasema, akamsogezea kikombe, kisha akakumbuka, akakinywa mwenyewe.

Wifi alilitazama lile bega lililo karibu na lake. Alilitazama muda mrefu, kijiko kikiwa hewani. Kisha akaligusa kwa kiganja, akalisukuma kidogo.

"Kaka, sogea," akasema. "Mkeo akae."

Mama Makoti akakaa. Benchi lilibana kidogo, Muokaji akaishia kukaa nusu. Wote wakatazama mbele. Maji yalikuja, yakarudi. Ndege mmoja alitua, akaona hakuna kitu, akaruka.

"Niliwaambia," Nahodha akasema. "Ndiyo hivyo siku zote."

Walikaa hivyo hadi chai ya Nahodha ikapoa. Ndipo Wifi akakohoa, na alipoongea hakutumia ile sauti ya kuitia watu walio majini. Alikuwa anasema na sanamu.

"Nimefikiri tangu kikaoni," akasema. "Kaka, injini ile ulikosea. Ulikuwa upuuzi mtupu. Mkeo alikuwa sahihi."

Mama Makoti alikuwa amelisubiri neno hilo kwa miaka, na hakuwahi kuamini litatoka kwenye ukoo ule. Alingoja furaha ije. Kilichokuja ni hofu, ya ghafla, kama mtu anayeona mlango unafungwa na yeye bado hajatoka. Akajikuta ameweka mkono juu ya pindo la koti, mahali ambapo goti lingekuwa.

"Wifi, chunga ulimi," akasema. "Huyo ni mume wangu. Injini haina tatizo lolote, ni nzima, ndefu, nzuri. Kinachokosekana ni mashua."

Nahodha na Muokaji wakaangaliana. Wifi aligeuka taratibu, akamchungulia wifi yake kupitia juu ya kola isiyo na kichwa. Kisha akajikuna sikio, la kushoto, kwa kidole cha mwisho.

"Tutaongea kesho," akasema.

Mama Makoti alitoa leso, akapenga kamasi kwa kelele, akairudisha mfukoni.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.

"Saa ya chakula," Wifi akasema, akamenya yai lake.